Sheria ya Ajira Kiwandani: Mwongozo kwa Wenye Viwanda Kenya

Kesi nyingi ambazo viwanda hushindwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hazishindwi kwa kukosa sababu ya kumwachisha mtu kazi. Sababu huwepo: kweli fundi alilala zamuni, kweli mali ilipungua stoo. Kinachokosekana ni utaratibu, na karatasi ya kuuthibitisha. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri aonyeshe mambo mawili, sababu halali na utaratibu wa haki. Ukikosa kimoja umeshindwa, hata kama kingine kiko wazi kama mchana.

Gharama yake inahesabika. Fidia inaweza kufika mishahara ya miezi 12 kwa mtu mmoja. Mfanyakazi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 22,500 na posho ya nyumba ya 3,375 anaweza kupewa 310,500, mbali na notisi na likizo asizolipwa. Wakiwa kumi wa zamu moja, hiyo ni zaidi ya milioni 3.

Mwongozo huu ni wa mwenye kiwanda, meneja wa uzalishaji na afisa wa wafanyakazi. Lakini mtu anayeamua kila siku kama sheria itafuatwa ni msimamizi wa zamu, kwa hiyo yale ya vibarua, saa za kazi na nidhamu yafikisheni kwake kwanza.

Vibarua wa getini

Hapa ndipo viwanda vyetu huumia zaidi, kwa hiyo tuanzie hapa.

Kwa tafsiri ya sheria, kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na ambaye hachukuliwi kazini kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kiwanda kinachowalipa watu kila Jumamosi kwa M-Pesa na kuwaita vibarua kimeshatoka nje ya tafsiri hiyo, hata kama daftari la getini limeandikwa "vibarua" kwa wino mwekundu. Na jambo ambalo waajiri wengi hulisahau ni kwamba zile jumbe za M-Pesa hubaki kwenye simu ya mfanyakazi. Siku ya kesi ndizo zinazoonyesha alilipwa wiki ngapi mfululizo.

Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinamgeuza kibarua kuwa mfanyakazi wa mkataba wa mwezi kwa njia mbili. Ya kwanza ni akifanya kazi siku mfululizo ambazo kwa jumla hazipungui mwezi mmoja. Ya pili ni akipewa kazi ambayo kwa hali ya kawaida haiwezi kuisha katika muda usiofika miezi 3. Katika kuhesabu siku hizo, siku moja ya mapumziko baada ya kila siku sita za kazi inaingia kwenye hesabu, na ni ya kulipwa. Akishageuka, huwezi kumwambia jioni asirudi kesho: anastahili notisi ya siku 28 kwa maandishi, au malipo yake. Akifikisha miezi miwili mfululizo anastahili masharti yote ya chini ya sheria, likizo na ruhusa ya ugonjwa zikiwemo.

Njia ya pili ndiyo inayowashangaza wengi. Kazi ya kupakia mizigo kwenye laini inayozalisha mwaka mzima haina mwisho. Hata ukiwapumzisha watu wiki moja kila baada ya wiki tatu ili siku zisiwe mfululizo, bado hakimu anaweza kuuliza kazi yenyewe inaisha lini, na jibu huna. Tena mtindo huo wa kuwapumzisha ukionekana kwenye daftari kwa miaka miwili, kwa mpangilio uleule, unakuwa ushahidi dhidi yako.

Utaratibu unaofaa ni huu. Kila Ijumaa afisa wa wafanyakazi achukue daftari la getini na orodha ya malipo, avilinganishe jina kwa jina na namba ya kitambulisho. Yeyote aliyefikisha siku 20 za kazi mfululizo awekewe alama. Siku zilizobaki kabla ya mwezi kutimia ni za kuamua: kama kazi yake ni ya kudumu, mpe mkataba, kama kazi inaisha kweli, imalizike na alipwe. Msifike siku ya 26 ya kazi, ambayo pamoja na siku za mapumziko hutimiza mwezi, bila uamuzi, kwa maana hapo sheria itakuwa imeamua kwa niaba yenu.

Kwa kazi ya msimu, kama kiwanda cha juisi wakati wa maembe, andika mkataba wa muda maalumu. Taja tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha na sababu ya muda huo. Mkataba wa aina hiyo kwa kawaida huisha wenyewe tarehe yake ikifika. Huharibika kwa njia mbili: msimamizi akimwahidi mtu kwa mdomo kwamba "utaongezewa", au mtu akiachwa aendelee kufanya kazi baada ya tarehe kupita bila karatasi mpya. Weka ukumbusho wa kila mkataba siku 30 kabla haujaisha.

Kuna pia kazi ya kipande, yaani malipo kwa idadi ya magunia, katoni au jozi zilizokamilika. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Krystalline Salt ya 2017 iliyohusu wafanyakazi wa chumvi wa pwani, ilitofautisha aina nne za mikataba ya kazi na kusema kuwa kifungu cha 37 kinamhusu kibarua, hakimgeuzi mtu wa kipande. Lakini usiichukue hukumu hiyo kama pa kujificha. Ukidai kuwa mtu ni wa kipande, uwe na karatasi ya hesabu ya kila siku: jina, idadi, bei ya kipande, jumla, sahihi yake. Sheria inataka alipwe kila mwisho wa mwezi kulingana na kiasi alichofanya, au kazi ikiisha, lolote litakalotangulia. Mtu anayelipwa kiwango kilekile kila siku, apakie magunia 40 au 90, ni vigumu kumwita wa kipande.

Mkataba wa maandishi

Ajira yoyote ya jumla ya miezi 3 au zaidi lazima iwe kwa maandishi, na anayetakiwa kuuandaa mkataba ni mwajiri. Uonyeshe jina la mfanyakazi na la mwajiri, kazi atakayofanya, mahali, tarehe ya kuanza, muda, saa za kazi, mshahara na siku za kulipwa, likizo na notisi. Apewe taarifa hizo kabla ya miezi miwili kupita tangu aanze kazi. Kama hajui kusoma, asomewe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa, na aliyemsomea naye aweke sahihi.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu kifungu cha 10 kinasema kuwa mwajiri akishindwa kutoa mkataba mahakamani, jukumu la kuthibitisha au kupinga sharti linalobishaniwa linamwangukia yeye. Mfanyakazi akisema mliahidiana 30,000 na wewe unasema 22,500, ni wewe unayetakiwa kuthibitisha. Faili litunzwe miaka 5 baada ya ajira kuisha. Madai mengi ya ajira yana ukomo wa miaka 3, kwa hiyo faili lililotupwa baada ya mwaka mmoja ni silaha uliyojinyang'anya.

Muda wa majaribio usizidi miezi 6, na unaweza kuongezwa hadi miezi 6 mingine kwa ridhaa ya mfanyakazi. Notisi yake ni siku 7. Wako waajiri wanaodhani kwamba aliye kwenye majaribio anaweza kuondolewa bila kusikilizwa, kwa kuwa ndivyo kifungu cha 42 kilivyosema. Mwaka 2021 Mahakama ya Ajira ilitangaza kuwa sehemu hiyo inakwenda kinyume na Katiba. Msikilizeni naye.

Kiwanda chenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima kiwe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono, iliyotungwa kwa kushauriana na wafanyakazi wenyewe. Sera hiyo isiishie kwenye kabati la ofisi: wanawake wa zamu ya usiku wanatakiwa wajue jina la mtu wa kumwendea, na huyo mtu asiwe msimamizi wao wa zamu.

Saa za kazi na ovataimu

Anza kwa kujua ni amri gani ya mishahara, yaani kanuni za serikali za mishahara na saa za kazi, inayokuhusu. Baadhi ya sekta, kama uokaji mikate na biskuti, ushonaji nguo na viatu, zina amri zake. Nyingine ziko chini ya amri ya jumla. Kama mna mkataba wa pamoja na chama cha wafanyakazi, ule tunaouita CBA, masharti yake yaliyo bora kwa mfanyakazi ndiyo yanayotumika.

Chini ya amri ya jumla, wiki ya kawaida ni saa 52 kwa siku sita, na kwa zamu ya usiku ni saa 60. Ovataimu ni mara moja na nusu ya kiwango cha saa, na siku ya mapumziko au sikukuu ya kitaifa ni mara mbili. Kiwango cha saa kwa anayelipwa kwa mwezi hupatikana kwa kugawanya mshahara wa msingi kwa 225. Kwa 22,500, saa moja ni shilingi 100, ovataimu ni 150, na Jumapili ya mapumziko ni 200.

Kuna kikomo ambacho viwanda vingi hukivuka bila kujua: saa za kawaida na za ovataimu kwa pamoja zisizidi 116 katika wiki mbili mfululizo, au 144 kwa wa usiku. Sasa chukua zamu mbili za saa 12, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni, siku sita kwa wiki. Ukitoa saa moja ya chakula, mtu wa mchana anafanya saa 11 kwa siku, saa 66 kwa wiki, 132 kwa wiki mbili. Amezidisha saa 16, na kulipa ovataimu yote hakuondoi kosa hilo. Na kama saa ya chakula anakula huku anaangalia mashine, ile si saa ya mapumziko, na hesabu inapanda hadi 144. Zamu tatu za saa 8 kwa siku sita ni saa 48 tu kwa wiki. Gharama ya watu wa ziada ilinganishwe na ovataimu unayolipa sasa, vitambaa au chupa zinazoharibika saa ya kumi na moja ya zamu, na majeraha. Mara nyingi tofauti ni ndogo kuliko mwenye kiwanda anavyodhani.

Rekodi ya saa iwe ya mtu mmoja mmoja na mfanyakazi aiweke sahihi kila wiki. Mashine ya alama za vidole inasaidia, ila alama ya kidole ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo waelezeni watu inatumika kwa nini na nani anaiona.

Posho ya nyumba ni suala linaloleta madai ya miaka mitatu kwa mkupuo. Mwajiri atoe makazi yanayofaa, au alipe posho juu ya mshahara. Amri ya jumla inaweka asilimia 15 ya mshahara wa chini wa msingi. Kama mshahara wako unajumuisha nyumba, mkataba useme hivyo kwa maneno wazi. Hati ya malipo ikiandika "mshahara 26,000" peke yake, mfanyakazi atadai nyumba, na huenda akaipata.

Makato ya lazima ni yanayojulikana: NSSF asilimia 6 kwa kila upande, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 ya mshahara wote kwa mfanyakazi, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 kwa kila upande, na kodi ya mapato. Kukata na kutopeleka ni kosa kubwa kuliko kutokata. Ni pesa ya mtu.

Kukata mshahara kwa hasara

Mshonaji ameharibu suruali 30, au opereta amevunja kisu cha mashine. Msimamizi anasema, "Mkate." Kifungu cha 19 kinaruhusu kukata kiasi cha haki kwa uharibifu au upotevu wa mali uliotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi. Uzembe wa kawaida, uchovu au kutofunzwa vizuri haviingii hapo. Kabla ya kukata, andika kilichotokea, thamani halisi ya hasara na jinsi mlivyoifikia, na maelezo ya mfanyakazi mwenyewe. Asiyekuja kazini bila ruhusa unaweza kumkata mshahara wa siku hiyo, si zaidi. Ile faini ya "ukichelewa dakika 10 unapoteza nusu siku" haina msingi wa kisheria. Na makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara wake.

Nidhamu: kutoka tukio hadi uamuzi

Kifungu cha 41 kinataka mambo matatu kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kushindwa kazi kimwili: aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua yeye, na maelezo yake pamoja na ya huyo mwenzake yasikilizwe na kuzingatiwa. Hata kosa kubwa la kufutwa papo hapo chini ya kifungu cha 44, kama ulevi kazini, matusi, kukaidi amri halali au kushukiwa wizi kwa sababu za msingi, linapitia hapo. "Papo hapo" maana yake ni bila notisi kamili. Haimaanishi bila kusikilizwa.

Kosa la kwanza na kubwa hutokea getini. Msimamizi anakasirika, anamwambia mlinzi "huyu asiingie kesho." Asubuhi mtu anarudishwa. Kwa macho ya mahakama anaweza kuwa ameachishwa kazi hapohapo, na kikao mtakachokiitisha wiki inayofuata hakitarekebisha kitu. Toeni agizo la maandishi kwa walinzi: hakuna mfanyakazi anayezuiwa kuingia ila kwa barua ya kusimamishwa iliyosainiwa na ofisi ya wafanyakazi, na nakala amepewa mhusika.

Siku ya tukio kusanyeni ushahidi. Maelezo ya mashahidi yaandikwe siku hiyohiyo, kila mmoja peke yake, yakiwa na saa na mahali. Picha za kamera zihifadhiwe upesi, kwa kuwa mitambo mingi hufuta za zamani yenyewe. Chukueni nakala ya kitabu cha mashine na cha stoo. Kama kuwepo kwake kiwandani kunahatarisha uchunguzi, msimamisheni kwa barua na kwa muda mfupi unaotajwa. Kuhusu malipo fuateni mkataba au CBA, na kama vyote viko kimya, ushauri wetu ni kumlipa.

Kisha barua ya kujieleza. Barua nyingi huanguka kwa kuwa zimesema tu "umekuwa mtovu wa nidhamu". Mtu hawezi kujibu hilo. Inayofaa inasomeka hivi:

"Inadaiwa kuwa usiku wa kuamkia tarehe 14 Machi, saa 8:20 usiku, ulikutwa umelala nyuma ya mashine ya kukata namba 3 wakati mashine ikifanya kazi bila mtu. Msimamizi wa zamu na fundi wa umeme walikuwepo. Kitendo hiki kinaweza kuwa ni kupuuza kazi kwa makusudi, na kinaweza kusababisha kuachishwa kazi. Toa maelezo yako kwa maandishi kabla ya saa 10 jioni, tarehe 18 Machi. Ukihitaji msaada wa kuandika, mwone mwakilishi wa chama au mfanyakazi yeyote unayemwamini."

Maelezo yasiporidhisha, mwiteni kwenye kikao kwa barua nyingine. Sheria haitaji idadi ya siku, lakini apewe muda wa kujiandaa. Saa 48 ndicho kiwango cha chini tunachopendekeza, na zaidi kwa kesi ya hesabu za stoo. Barua itaje tuhuma zilezile, tarehe, saa, mahali, na haki ya kuja na mwenzake. Sentensi hii ya mwisho ikikosekana, kikao kizima kiko hatarini.

Anayeongoza kikao asiwe aliyemkamata wala aliyeandika mashtaka. Msimamizi wa zamu aje kama shahidi, atoe ushahidi wake, atoke. Mfanyakazi apewe nafasi ya kumuuliza maswali. Kama Kiswahili ndicho anachokijua, kikao kiwe Kiswahili; tumeona kumbukumbu zilizoandikwa Kiingereza kizito zikiwa na sahihi ya mtu ambaye wazi hakukielewa, na zinamharibia mwajiri zaidi ya kutokuwa nazo. Kumbukumbu ziandike alichosema kwa maneno yake, hata kama hakikubaliki. Aliyekuja naye aandikwe jina na kauli. Kama mtuhumiwa ameamua kuja peke yake, aandike hivyo kwa mkono wake.

Uamuzi usitolewe palepale. Jopo lililosikiliza kikao likae peke yake, lipime miaka ya utumishi, maonyo ya nyuma na adhabu waliyopewa wengine kwa kosa kama hilo. Ukimfukuza mmoja kwa kulala zamuni na mwaka jana mwingine alipewa onyo tu, uwe na sababu ya tofauti hiyo. Barua ya uamuzi itaje sababu, ijibu utetezi wake, na impe nafasi ya kukata rufaa kwa mtu wa juu ambaye hakuwa kwenye jopo.

Kuhusu wizi: kifungu cha 43 kinaangalia mambo ambayo mwajiri aliamini kwa dhati kuwa yapo wakati wa kumwachisha mtu. Huna haja ya kungoja hukumu ya mahakama ya jinai. Lakini kumpeleka mtu polisi si badala ya kikao.

Na aliyepotea? Usiandike tu "ametoroka kazi." Mpigie simu, mtumie ujumbe na uhifadhi picha ya skrini, andika barua kwa anwani yake ya mwisho, waulize watu wake wa karibu waliomo kwenye faili, mpe tarehe ya kuja kujieleza. Mwarifu afisa wa kazi wa serikali. Mwajiri anayedai utoro bila kuonyesha juhudi ya kumtafuta mtu huwa hasikilizwi.

Ajali

Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, mahali pa kazi pasajiliwe, pafanyiwe ukaguzi wa usalama kila mwaka, na kama mna watu 20 au zaidi, muwe na kamati ya usalama. Sehemu hatari za mashine zifunikwe. Ajali nyingi za vidole hutokea kwenye mashine ambayo ilikuja na kifuniko, kikaondolewa ili kazi iende haraka, na msimamizi akanyamaza. Andikeni sheria ya ndani kwamba kifuniko kikiondolewa mashine inazimwa na kufungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo ni fundi wa matengenezo peke yake. Glavu, buti na vizuia kelele ni gharama ya mwajiri.

Ajali ikitokea: okoa mtu, zima mashine, usihamishe kitu kingine, piga picha. Kifo kiarifiwe ndani ya saa 24. Majeraha yaripotiwe kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kwa maandishi ndani ya siku 7. Bima ya WIBA, yaani ya fidia kwa wanaoumia kazini, ni ya lazima, na haibagui kibarua aliyeingia getini asubuhi ile. Ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mapato ya miezi 96, mzigo ambao kiwanda kisicho na bima hakiubebi. Kampuni ya bima ipewe orodha mpya ya watu kila mara idadi inapobadilika. Orodha ya watu 60 kwenye kiwanda cha watu 110 ndiyo inayozua ubishi mtu akiumia. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2019, madai ya fidia ya kuumia kazini yanaanzia kwa Mkurugenzi, si mahakamani.

Chama cha wafanyakazi

Ukipokea fomu za kukata ada ya chama, anza kukata ndani ya siku 30. Usiwaite waliosaini mmoja mmoja kuwauliza kwa nini. Chama kikipata zaidi ya nusu ya wanaostahili kujiunga, kina haki ya kutambuliwa. Mgomo halali unahitaji notisi ya siku 7, na hata usipokuwa halali, kila mtu anasikilizwa kwa jina lake. Barua moja ya kuwafuta watu 80 haisimami.

Kupunguza wafanyakazi

Mashine mpya ya kufungasha imefanya kazi ya watu 12. Fuata kifungu cha 40 kwa mpangilio wake. Toa notisi ya nia, ikieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji, kwa chama na afisa wa kazi, isiyopungua mwezi mmoja kabla. Asiye mwanachama apewe yake binafsi. Mwezi huo si wa kungoja, ni wa mashauriano: je, kuna zamu za kuhamishiwa, mafunzo ya mashine mpya, watu wanaotaka kuondoka kwa hiari? Andikeni kila kikao. Kisha chagueni kwa vigezo vya sheria: muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na kutegemeka kazini. Tengenezeni jedwali la alama, mlijaze kabla ya kutaja majina, na liwekeni kwenye faili.

Baada ya hapo ndipo inakuja notisi ya kuachishwa ya mwezi mmoja au malipo yake. Kuzichanganya notisi hizi mbili katika karatasi moja ni kosa linalowagharimu wengi. Malipo ni likizo zilizobaki kwa pesa taslimu na siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika. Kwa 22,500 na miaka 7 na miezi 8, hesabu miaka 7: ukigawa mshahara kwa siku 26 za kazi, mshahara wa siku ni 865.38, mara siku 105 (15 kwa miaka 7), ni kama 90,865. Ukigawa kwa 30 unapata 78,750, na tofauti hiyo ndiyo mtakayogombania. Kama CBA haisemi, tumieni 26.

Siku ya mwisho

Karatasi ya "sina madai zaidi" inaweza kukulinda. Katika kesi ya Coastal Bottlers ya 2018, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa makubaliano ya kumalizana huwafunga waliosaini, ila kila moja hupimwa kwa mazingira yake. Kwa hiyo ionyeshe kila malipo kwa mstari wake, iwe kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kuisoma nyumbani, na asiambiwe kuwa mshahara wa siku alizofanya utazuiwa mpaka asaini. Siku alizofanya kazi ni zake hata kama amefutwa kwa wizi.

Cheti cha utumishi ni haki ya kila aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi. Kinataja jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza na ya kuisha, aina ya kazi na mahali. Hakitaji sababu ya kuondoka wala tabia, na hakizuiliwi kwa kuwa hajarudisha ovaroli. Kukataa kukitoa bila sababu halali ni kosa la jinai lenye faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kiandaliwe pamoja na hesabu ya mwisho, na mfanyakazi asaini kuwa amekipokea kabla hajatoka ofisini.